Wanawake Wanne na Viti Vyao

Juma hili nataka tuzungumze juu ya filamu isiyo na hadithi, isiyo na bwana harusi, wala hakuna anayekufa ndani yake. Inaitwa Rosas danst Rosas. Ni filamu ya Ubelgiji ya mwaka 1997, na ni ngoma tangu mwanzo hadi mwisho.

Ngoma yenyewe imeitangulia filamu. Ilitungwa mwaka 1983 na Anne Teresa De Keersmaeker, wakati huo binti wa miaka ishirini na kitu, aliyeicheza pamoja na wenzake watatu. Muziki ulitungwa na Thierry De Mey na Peter Vermeersch, na De Mey huyohuyo ndiye baadaye aliyeongoza filamu. Dada yake alikuwa mmoja wa wale wachezaji wanne wa kwanza. Kwa hiyo mwenye kamera hakuwa mgeni aliyepita njiani.

Wanacheza nini? Kwanza wanalala sakafuni, wanageuka, wanainuka nusu, wanaanguka tena. Hakuna muziki; unasikia pumzi tu, na miili ikigonga sakafu. Halafu wanakaa vitini. Mmoja anapitisha mkono kwenye nywele. Mwingine anakunja mguu. Shati linateleza begani, linapandishwa. Kichwa kinaanguka ghafla, kama cha abiria aliyezidiwa na usingizi ndani ya basi la jioni. Wanarudia, wanarudia tena, kwa kasi, mpaka wamechoka kweli, si kwa kuigiza.

Wapo watakaouliza: sasa ngoma iko wapi? Mimi nasema iko hapohapo. Mwanamke aliyekaa kwenye benchi la zahanati tangu alfajiri anazijua ishara hizo zote. Katika michezo yetu mingi mwanamke hupewa kazi mbili: kulia, au kutikisa kiuno. Hawa hawalii. Wamechoka, wana hasira, wana utani wao, na hawamwombi mtazamaji huruma.

Filamu ilipigwa katika shule ya ufundi ya zamani mjini Leuven, jengo lenye madirisha makubwa. Mara kwa mara kamera inawatazama kupitia vioo. Hapo ndipo mtazamaji anajihisi anachungulia, na nadhani ndivyo ilivyokusudiwa.

Huku kwetu pwani jambo la kuchungulia si dogo. Mafunzo ya unyago yana ngoma na miondoko ambayo si ya kila jicho, na sioni kwa nini kamera ipewe ruhusa ambayo jirani hana. Swali la kwanza ni nani kati ya wachezaji ameamua kionekane nini.

Mwaka 2011 miondoko inayofanana na hii ilionekana katika video ya mwimbaji wa Marekani, Beyoncé, ya wimbo Countdown. De Keersmaeker alilalamika kwamba hakuombwa. Beyoncé alikiri hadharani kuwa kazi hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizomvutia. Wengi tungetarajia mama yule afunge mlango. Mwaka 2013 alifanya kinyume: alifundisha mbele ya kamera sehemu ile ya viti, hatua kwa hatua, akamkaribisha yeyote aicheze na kupeleka filamu yake. Safari hii waliombwa waichukue.

Vikundi vyetu vya sanaa vya akina mama vinavyotafuta pa kuanzia vinaweza kuijaribu. Viti tunavyo.