Kulijenga Jina la Mtafsiri kwa Mazoezi ya Mtandaoni

Mada kwa semina ya watafsiri na wakalimani vijana



Nimeombwa nizungumzie namna mtu anavyoweza kujenga chapa yake binafsi kwa kutumia mazoezi ya mtandaoni, yale yanayomwongoza hatua kwa hatua. Nitaitazama mada hii kupitia kazi yetu wenyewe. Mkulima wa mwani wa Paje, fundi simu wa Kariakoo na mtafsiri wa hati za mahakama hawatafutwi na wateja wa aina moja, na ushauri unaotolewa kwa wote watatu kwa pamoja huishia kutomfaa hata mmoja.

Msimamo wangu nautaja mapema ili mnipime nao. Zoezi linalokutaka ukae peke yako uchague maneno ya kujisifia halitakujengea jina. Linalostahili muda wako na bando lako ni lile linalokutuma kwa watu uliofanya nao kazi, kisha likakurudisha kwenye kazi zenyewe.

Kwa nini sisi, na kwa nini sasa

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa watu wa kazi ya lugha, methali hii ilitosha kwa muda mrefu. Aliyetaka hati ya kiwanja itafsiriwe aliuliza mtaani, akaelekezwa kwa mzee fulani au mwalimu fulani, na jina la mwalimu huyo lilikuwa limeshamtangulia. Leo anayemtafuta mtafsiri wa Kiswahili anaweza kuwa meneja wa miradi aliyeko Madrid au Toronto. Hajui mtaa hata mmoja wa Tanga wala hana wa kumuuliza. Anaandika maneno machache mtandaoni, anapata orodha ya majina, anafungua matatu au manne, anaamua. Chema ambacho hakionekani pale hakina namna ya kujiuza.

Na mahitaji yanapanuka. Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Novemba mwaka huohuo UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakipitisha Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi za kazi. Maamuzi ya namna hii huja na nyaraka na vikao, na nyaraka na vikao vinahitaji watu.

Lipo pia suala la mashine. Anayeridhika na tafsiri ya kubahatisha anaipata bure kwenye simu yake, papo hapo. Kwa hiyo anayeamua kumlipa binadamu anakuja na hofu yake mkononi: anaogopa kosa kwenye fomu ya ridhaa ya mgonjwa, kwenye kifungu cha mkataba, kwenye maelezo ya kipimo cha dawa. Anatafuta mtu wa kumwamini kwa jambo hilo mahususi. Wasifu unaosema "Kiingereza na Kiswahili, nyanja zote" haumpunguzii hofu hata kidogo.

Mazoezi yalivyo

Wazo la mtu kujitangaza kama kampuni inavyoitangaza bidhaa lilivuma baada ya Tom Peters kuandika makala kwenye jarida la Fast Company la Marekani mwaka 1997. Aliwaambia wafanyakazi kwamba kila mmoja wao ni mkurugenzi wa kampuni ya nafsi yake. Kwa jambo moja sikubaliani naye: kampuni inaweza kufilisika, ikafungwa, ikasajiliwa nyingine asubuhi yake, lakini mtu hana jina la akiba. Ndiyo sababu naomba tulichukulie suala hili kwa uzito kuliko matangazo ya biashara.

Baada ya Peters walifuata washauri na vitabu, kisha yakaja mazoezi ya mtandaoni. Mengi yana mwendo uleule. Unachagua maadili unayoyathamini, unataja unachokiweza na unayetaka akujue, unaandika sentensi ya kujitambulisha, unalitafuta jina lako kwenye Google uone wengine wanakutana na nini, mwishoni unapanga utachapisha nini na lini. Mwendo wenyewe hauna ubaya. Tatizo huanzia hatua ya kwanza, unapopewa orodha ya maneno kama mbunifu, mwaminifu, mchapakazi na mwenye kujituma, uchague matatu. Watu 40 wakilifanya zoezi hilo katika ukumbi huu, wasifu zao zitafanana kama sare za shule.

Yapo pia majaribio ya haiba. Unajibu maswali, unaletewa aya mbili tatu zinazokueleza ulivyo, na unashangaa jinsi zinavyokugusa. Hapa ni vizuri kumkumbuka Bertram Forer, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1948 aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la haiba, kisha akamkabidhi kila mmoja maelezo ya tabia yake na kumtaka ayapime kwa alama 0 hadi 5. Wastani ulizidi 4. Baadaye wakajua kwamba wote walipewa maelezo yaleyale, mengi yakiwa yametolewa kwenye kitabu cha unajimu. Sentensi inayomfaa kila mtu humgusa kila mtu, na ikiwekwa kwenye wasifu wa mtafsiri haimwambii mteja lolote.

Siyatupi yote kapuni. Dodoso la VIA, lililojengwa juu ya kazi ya Christopher Peterson na Martin Seligman ya mwaka 2004, hupanga nguvu 24 za tabia kwa mfuatano wako, na halina malipo. Linafaa kuanzishia mazungumzo, ila lisiwe ndilo linaloandika wasifu wako.

Zoezi la mashahidi

Mwaka 1955 Joseph Luft na Harrington Ingham walibuni kile kinachoitwa dirisha la Johari, jina lililotokana na majina yao ya kwanza. Lina vioo vinne: mambo yako unayoyajua na wengine wanayajua, wanayoyaona wengine wewe huyaoni, unayoyajua ukayaficha, na yasiyojulikana na yeyote. Kwa anayejenga jina la kikazi, mali iko kwenye kioo cha pili.

Zoezi lililobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, la kuiona nafsi yako bora kupitia macho ya wengine, hukifungua kioo hicho vizuri kuliko mengine ninayoyajua. Unawaandikia watu kati ya 10 na 20 wanaokufahamu kazini, masomoni na nyumbani. Unamwomba kila mmoja akusimulie visa vya wakati alipokuona ukifanya jambo vizuri kweli. Unavikusanya, unatafuta kinachojirudia, kisha unaandika maelezo ya mtu unayemwona mle.

Nguvu ya zoezi hili ni kwamba linaomba visa, haliombi sifa wala alama. Kwetu kumkosoa mtu ana kwa ana ni jambo zito, na hata kumsifu kuna adabu yake. Ukimpelekea mkuu wako wa zamani fomu inayomtaka akupe alama 1 hadi 10 katika mawasiliano, atakupa 9 ya heshima ambayo haikufundishi kitu. Mwombe kisa, atakumbuka. Nashauri pia tuachane na fomu na barua pepe ndefu ambazo mazoezi mengi hupendekeza, tutumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Mtu mzima anayeona taabu kuandika mistari mitatu atakusimulia dakika tano bila kuchoka, na ndani ya dakika hizo tano utapata maneno ambayo usingeyapata kwenye fomu.

Kwa mwalimu au mkubwa wako, ujumbe unaweza kuwa hivi: "Shikamoo Mwalimu. Natumaini nyumbani wote hawajambo. Nina ombi dogo. Ile kazi ya mwongozo wa wakulima tuliyoifanya pamoja, naomba unikumbushe jambo moja nililolifanya ukaona limesaidia. Ukipata nafasi tu, hata kwa ujumbe wa sauti." Kwa mwenzako wa rika: "Habari za siku, ndugu yangu. Siku ile kibandani, msemaji alipoanza kusoma hotuba mbio, nilifanya nini ambacho unakikumbuka?" Taja kazi yenyewe. Ukiuliza kwa jumla, utajibiwa kwa jumla.

Tuseme majibu yamerudi. Wa kwanza anasema: ulinipigia simu kuuliza kama wakulima wa kule wanamwita mdudu yule kiwavijeshi au wana jina lao wenyewe. Wa pili anasema: ulikataa kukabidhi dodoso mpaka uwasomee akina mama wawili uone kama wanaelewa. Wa tatu anasema: uligundua kipimo cha dawa kimekosewa kwenye matini chanzi yenyewe, ukatutahadharisha kabla ya kutafsiri. Hakuna aliyetaja ubunifu wala shauku. Wote wanamzungumzia mtu asiyeachia kazi mpaka ahakikishe kwamba itamfaa atakayeisoma. Pengine mwenyewe hakuwahi kulifikiria hilo kuwa ni sifa, maana kwake ndivyo kazi inavyofanywa.

Kutoka kwenye visa hadi sentensi

LinkedIn hutoa nafasi ya herufi 220 za kujieleza chini ya jina. Mtu wetu alikuwa ameandika: "Mtafsiri na mkalimani mtaalamu mwenye shauku ya lugha na mawasiliano." Sasa anaweza kuandika: "Natafsiri miongozo ya kilimo na afya, Kiingereza–Kiswahili, kwa wasomaji wa vijijini. Kila kipeperushi nakisoma mbele ya msomaji halisi kabla ya kukikabidhi." Mwenye mkataba wa bima atampita. Mwenye mradi wa chanjo atasimama.

Najua wanaoanza huogopa kubagua kazi wakiwa bado na njaa, na hofu hiyo ina msingi. Anayeanza ashike nyanja mbili, hata tatu, lakini kila moja aweze kuitolea kisa. Asichokitolea kisa akiondoe kwenye wasifu mpaka akipate.

Mengi ya mazoezi haya yako kwa Kiingereza. Yajibuni kwa Kiswahili kwanza. Ukianza kwa Kiingereza, kalamu huokota misemo iliyokwisha kuandikwa na maelfu ya watu, na visa ulivyosimuliwa hupoteza damu. Andika majibu yako kikamilifu kwa Kiswahili, kisha yatafsiri, na wasifu wako uweke kwa lugha zote mbili. Meneja asiyejua Kiswahili mara nyingi humwomba anayekijua amsomee, na ukurasa wako wa Kiswahili unakuwa sampuli ya kwanza ya kazi yako.

Ushahidi pale penye usiri

Hapa mazoezi ya jumla hutuacha njiani. Yanasema: weka kazi zako hadharani. Sisi wengi tumetia saini mikataba ya usiri, na mtafsiri anayeonyesha nyaraka za mteja ili kujitangaza amejitangaza kuwa haaminiki.

Njia ipo. Machapisho mengi ya Shirika la Afya Duniani hutolewa kwa leseni inayoruhusu kuyatafsiri bila kufanya biashara, mradi uonyeshe chanzo na ueleze wazi kwamba tafsiri hiyo haikufanywa na shirika lenyewe. Soma leseni ya chapisho husika, chagua kurasa mbili za nyanja yako, tafsiri, kisha andika chini yake maelezo mafupi ya mahali ulipokwama: istilahi ipi ilikusumbua, ulipima chaguo gani, uliamuaje. Maelezo hayo yana thamani kuliko tafsiri yenyewe, kwa sababu yanamwonyesha mteja akili inayofanya kazi, na mashine haiambatanishi maelezo ya mahangaiko yake. Ongeza uandikishaji wa kitaaluma: Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania (BAKITA), lililoanzishwa mwaka 1967, lina kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili, na kuwemo humo ni ushahidi ambao mtu wa mbali anaweza kuuelewa.

Tahadhari

Wapo wezi wanaochukua wasifu wa watafsiri mtandaoni, wakabadilisha anwani ya barua pepe, wakaomba kazi kwa majina yasiyo yao. Wanakabidhi tafsiri mbovu ya mashine, wanatoweka na malipo, na anayelaumiwa ni mwenye jina. Kwa hiyo usiweke CV nzima hadharani. Usiweke tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA, anwani ya nyumbani, saini wala mhuri wako. Majina na simu za wadhamini yatoe unapoombwa na mtu uliyekwisha kumhakiki.

Tahadhari hiyohiyo ihusu mazoezi yenyewe. Zoezi linalokuuliza udhaifu wako, mshahara wako wa zamani na hofu zako linakusanya taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote zinakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje. Zoezi la bure linalotaka kusoma majina yote kwenye simu yako liache. Nawasihi pia: sauti ya mwalimu wako akikusifu usiirushe mtandaoni bila ruhusa yake. Alikuwa anazungumza na wewe.

Kuhusu kozi za kulipia, sioni sababu ya kulipia chochote kabla ya kukusanya visa vyako. Ukishakuwa navyo utajua unachokosa, na huenda kikawa ni mtu mmoja tu wa kukuhariri sentensi mbili.

Kazi ya alasiri

Kabla ya chakula cha mchana kila mshiriki aandike majina kumi: wawili waliowahi kumlipa, wawili waliowahi kumhariri, mmoja aliyekaa naye kibanda kimoja cha ukalimani, mmoja aliyemfundisha, na wanne wa kuchagua mwenyewe. Ujumbe utumwe kwa watatu kati yao leo, mkiwa hapahapa, ili anayekwama kwenye maneno asaidiwe na jirani yake. Wahusika wengine watajibu jioni, wengine wiki ijayo, nao tuwape muda wao. Kila aliye na kisa hata kimoja kufikia saa tisa atakisoma mbele ya kundi lake, na kundi litamwambia ni nyanja gani linaiona ndani yake kabla yeye hajataja anayoitaka.