Tuisome Ardhi Kabla ya Kumtafuta Mkosaji

(Hotuba kwa kamati za parokia za Masasi na Newala)

Ndugu wanakamati, na ninyi marafiki mnaotuunga mkono kwa mali na kwa sala,

Tumeombwa tuzungumze juu ya kuharibika kwa ardhi ya malisho, na tunajua kwa nini. Katika vikao vyetu swali limekuwa moja: nani ameharibu ardhi? Na jibu limekuwa tayari kabla swali halijaisha: wafugaji wa ng'ombe. Leo tunaomba tuanzie nyuma kidogo. Kwanza tujue ardhi imeharibika wapi, kwa kiasi gani na tangu lini.

Newala iko juu ya uwanda. Udongo wake ni wa kichanga na maji ya mvua huzama upesi, ndiyo maana kwa miaka mingi akina mama walishuka mabondeni kufuata maji. Malisho mapana yako chini, upande wa Masasi na bonde la Ruvuma. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo nyasi hukauka na moto hupita. Mchanga unaoporomoka ukingoni mwa uwanda huishia mabondeni, kwa hiyo wa juu na wa chini shida yetu ni moja.

Mwaka 2006 na 2007 Serikali iliwahamisha wafugaji kutoka Usangu na Ihefu, na wengi wakaelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Baadaye makundi ya ng'ombe yalifika pia mkoani kwetu Mtwara. Mashamba yameliwa, watu wamegombana. Hayo hatuyakatai.

Lakini nasi tulikosea. Tathmini yetu ya kwanza tuliifanya chini ya mwembe, karibu na ofisi ya kijiji. Tulikuwa na fomu, na waliojibu walikuwa wanaume watupu. Kwenye nafasi ya chanzo cha uharibifu karibu wote walisema "mifugo", nasi tukaandika. Kesho yake mama mmoja alituambia, "Njooni shambani kwangu." Akatuonyesha mkorosho ambao mizizi yake ilikuwa nje, juu ya ardhi. Ulipandwa, alisema, walipohamishiwa kijijini wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970. Mizizi ilianza kuonekana watoto wake wakiwa wadogo, na wakati huo hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Fomu zetu hazikuwa na nafasi ya kuandika hayo.

Tangu siku hiyo tunatembea. Tunapita mstari mmoja kutoka juu ya mteremko hadi bondeni, pamoja na mkulima, mfugaji, mama anayeteka maji, mzee na kijana mchungaji. Tunaangalia mambo manne.

Kwanza, mizizi. Tunapima kimo chake kutoka ardhini, kisha tunamwuliza mwenye shamba mti ulipandwa lini. Tunapima miti mingi, kwa sababu mti mmoja unaweza kudanganya. Udongo wa sentimeta 1 ukiondoka kwenye hekta 1 ni mita za ujazo 100, sawa na lori la tani 7 likijaa mara 20 hivi.

Pili, nyasi. Tunapiga hatua 100 na kuhesabu ni mara ngapi mguu umekanyaga udongo mtupu. Tunawauliza wachungaji ni nyasi zipi za kudumu zimepotea, na zipi za msimu zimechukua nafasi. Hapo vijana wanatufundisha sisi.

Tatu, udongo wenyewe. Donge kavu likiwekwa taratibu kwenye glasi ya maji na kusambaratika mara moja, udongo huo umepungukiwa mboji. Na kiduha kikijaa kwenye mahindi au mtama, wakulima wanajua shamba limechoka.

Nne, njia za maji: vijifereji, makorongo, na njia za ng'ombe kwenda mtoni. Hapa hatumsafishi mfugaji. Ng'ombe wengi wakipita njia moja kila siku, mvua ikinyesha njia hiyo hugeuka korongo. Lakini korongo linaloanzia kwenye shamba la ufuta lililofyekwa na kuchomwa moto lina mwenyewe mwingine.

Kwa nini tunasisitiza hivyo? Kwa sababu dawa hufuata jibu. Kule Kondoa, mwaka 1979, mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma. Nyasi na miti vilirudi, na hilo ni jambo kubwa. Lakini familia zilikosa maziwa na mbolea, na mifugo ikaenda kubana ardhi ya wengine. Ilipofika 1989 ndipo ng'ombe wa kufugwa bandani walipoanza kuruhusiwa. Shinyanga walipita njia nyingine. Mradi wa HASHI, ulioanza 1986, uliwasikiliza Wasukuma na kuimarisha ngitili, desturi yao ya kufunga sehemu ya malisho hadi kiangazi. Maelfu ya hekta yalirudi kuwa na miti na nyasi, na wafugaji wakiwamo.

Ndugu wanakamati, tunawaomba mtembee mara mbili kwa mwaka: Oktoba, ardhi ikiwa wazi, na Mei, mvua zikiisha. Mfugaji asiachwe nyuma. Yatakayoonekana yapelekwe kwenye halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imewapa wao usimamizi wa ardhi hiyo. Hapo ndipo mipaka ya malisho, mapito ya mifugo na miteremko ya kupumzishwa itakapopangwa.

Nanyi wafadhili wetu, mmetuuliza mara nyingi tumepanda miche mingapi. Tunaomba mwaka huu mtuulize kwanza tumetembea na nani. Fedha za matembezi haya ni kidogo, na picha zake hazipendezi sana: ni watu wameinama wakipima mizizi. Lakini kabla ya kijiji kuamua familia ipi ihame na mifugo yake, watu hao wawe wameinama hapo kwanza.