Kwa Nini Tiketi ya Mwaka Haiuzwi kwa Kila Anayeitaka

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi wa Kanyangi, katika mazungumzo kuhusu ada za maeneo ya umma.



Nimeombwa nijibu swali linaloulizwa na vijana wanaofuatilia habari za ng'ambo. Kwa nini bustani kubwa za burudani, zile zenye bembea na magari ya kuzunguka angani, wakati mwingine hukataa kuuza tiketi za mwaka hata mteja akiwa na pesa mkononi? Biashara gani hukataa pesa? Swali hili linatuhusu, kwa sababu sisi pia huombwa maoni kuhusu ada za kaunti yetu.

Tuanze na jambo tunalolijua. Matatu ina viti 14. Tuseme mwenye gari amewauzia watu 300 tiketi ya mwaka: ukilipa mara moja, unasafiri kutoka Nairobi hadi Kitui siku yoyote upendayo. Februari hakuna tatizo, kwa kuwa wachache tu ndio husafiri. Kisha inafika tarehe 23 Desemba. Wote 300 wanataka kuja nyumbani, wote wamelipa, na viti ni vilevile 14. Pesa zao mwenye gari alishazitumia kununua magurudumu. Na yule mama ambaye hana tiketi ya mwaka, anayesafiri mara moja tu kwa mwaka kuwaona wazazi, hapati kiti hata akiwa na nauli kamili.

Hapo ndipo penye jibu. Tiketi huuzwa kwa mwaka, lakini nafasi ni ya siku. Anayeuza tiketi za mwaka bila kikomo anaahidi siku ambazo hana.

Kampuni ya Disney ya Marekani inalijua jambo hilo. Bustani yake ya California ilifuta mpango wake wa tiketi za mwaka Januari 2021, wakati milango ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona. Agosti mwaka huohuo ilileta mpango mpya ambapo mwenye tiketi anapaswa kwanza kuweka nafasi ya siku anayotaka kuja, na tiketi za bei nafuu haziruhusiwi siku nyingi zenye watu wengi. Kule Florida, Novemba 2021, kampuni hiyo ilisimamisha uuzaji wa tiketi nyingi za mwaka kwa wanunuzi wapya, ikaufungua tena Aprili 2023.

Kuna sababu ya pesa pia. Anayeishi karibu na bustani huingia mara kwa mara, hukaa saa mbili, kisha hurudi kula kwake. Kila anapokuja, bei ya tiketi yake inagawanyika na kuwa ndogo zaidi. Familia iliyotoka mbali hulipa kiingilio kamili, hununua chakula na kulala hotelini. Familia hiyo ikikuta foleni ndefu kila mahali, hairudi tena.

Huku kwetu Afrika Mashariki hatuna bustani za ukubwa huo, lakini tuna wanyama, na hesabu ni ileile. Katika msitu wa Bwindi, Uganda, kila familia ya sokwe waliozoeshwa watu hutembelewa na wageni wasiozidi 8 kwa siku, kwa saa moja tu. Sokwe huambukizwa magonjwa ya binadamu, kwa hiyo idadi hiyo inalinda uhai wao. Wenzetu wa Kaunti ya Narok, wanaosimamia Maasai Mara, wamebana kwa bei. Tangu Julai 2024, mgeni kutoka nje ya nchi hulipa dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba, na dola 100 kuanzia Januari hadi Juni. Tiketi yenyewe hudumu saa 12, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.

Kuna njia mbili, basi: kuhesabu watu au kupandisha bei. Zote hupunguza msongamano. Lakini bei humchagua mwenye mfuko mzito, na idadi humchagua aliyewahi. Ni vizuri mwananchi ajue ni ipi inayotumika kwake, na kwa nini.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti jukumu la bustani na maeneo ya burudani ya kaunti. Ibara ya 210 inasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Ndiyo maana ada za kaunti huletwa kwenu kupitia Mswada wa Fedha, na mna haki ya kutoa maoni.

Chukueni mfano wa jiwe la Nzambani, lile ambalo wazee husema ukilizunguka mara saba, mwanamume anageuka mwanamke. Mtu akipendekeza tiketi ya mwaka kwa mahali kama pale, muulizeni maswali matatu. Ni watu wangapi wanaoweza kuwa juu ya jiwe kwa wakati mmoja bila hatari? Siku ya Krismasi, mwenye tiketi ya mwaka atatangulia mbele ya mwanafunzi aliyekuja mara moja? Na pesa zilizolipwa Januari zitalipia usafi na ulinzi wa Desemba kwa njia gani?

Mswada ukiletwa, njooni kwenye kikao, au mpeni mwakilishi wadi wenu maoni yenu kwa maandishi. Anayepanda jiwe lile kila wiki aje, na yule anayelipanda mara moja kwa mwaka aje pia, maana yeye ndiye husahaulika.