Ukali Mmoja, Ladha Nyingi: Lugha ya Kuonja Bia na Divai katika Kiswahili

1. Utangulizi

Methali isemayo "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji" hufundishwa shuleni kuwa onyo kwa mtu anayelewa sifa. Mara chache huulizwa swali lililo wazi zaidi: ni nani aliyegundua kwamba tembo limetiwa maji? Methali hiyo haiwezi kusimama bila mnywaji ambaye ulimi wake unapambanua tembo halisi na tembo lililozimuliwa. Mgema ndiye anayeonywa, lakini aliyetoa ushahidi ni mwonjaji.

Mhadhara huu unamhusu mwonjaji huyo na maneno yake. Hoja yake kuu ni kwamba Kiswahili kinao msamiati wa kutosha wa kueleza bia, divai na pombe za asili, lakini katika mazungumzo ya kila siku vinywaji vyote hivyo hupimwa kwa kivumishi kimoja tu, yaani -kali. Upungufu huo ni wa mazoea ya wasemaji, wala si wa lugha, na una gharama yake.

Ikumbukwe kwamba kuchunguza maneno ya kileo si kuhimiza ulevi. Wazungumzaji wengi wa Kiswahili, hasa katika pwani ya Waislamu, hawanywi kabisa. Hata hivyo, lugha yao imehifadhi mgema, tembo na kotama, kile kisu cha kugemea. Anayechunguza maneno hayo halazimiki kunywa.

2. Majina na safari zake

Majina ya vinywaji hubeba historia. Pombe ni neno la Kibantu. Mvinyo lilitokana na neno la Kireno, na linakumbusha enzi iliyoanza Wareno walipofika pwani hii mwaka 1498. Lilipoingia katika Kiswahili, lilivishwa kiambishi m- na kuketi pamoja na mti na mkate, ndiyo maana husemwa "mvinyo mwekundu". Divai lilitoka katika Kifaransa, nalo lilienea sana kupitia makanisa. Bia ni neno la majuzi. Hivyo basi, maneno mawili yenye maana inayokaribiana yaliingia kwa milango miwili, mmoja wa biashara na bahari, mwingine wa altare. Mvinyo lilipanuka hata likatumika kwa vileo vikali kwa jumla, ilhali divai lilibaki kwa kinywaji cha zabibu. Kwa sababu hiyo, divai ndilo litakalotumika hapa.

Neno tembo linastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Sauti ni zilezile, lakini sarufi inatenganisha maana mbili. Mnyama ni "tembo huyu". Kinywaji ni "tembo hili", kama inavyothibitishwa na kiambishi -li- katika "hulitia maji". Historia nayo imezikutanisha maana hizo kwa njia ya ajabu. Kampuni ya bia iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst, iliipa bia yake jina la Tusker, yaani tembo dume mwenye pembe kubwa, baada ya George kuuawa na tembo mwaka 1923. Huko Lubumbashi, nchini Kongo, nako hutengenezwa bia nyeusi iitwayo Tembo. Mnyama amerudi katika chupa ambamo jina lake lilikuwa limetangulia kwa karne nyingi.

3. Kivumishi -kali na mzigo wake

Kisu ni kikali, jua ni kali, mbwa ni mkali, siki ni kali na chai ni kali. Inapofika kwenye vinywaji, -kali hubebeshwa angalau mambo manne yaliyo tofauti kabisa kikemia. Kwanza, ni asidi, kama ya chungwa kali. Pili, ni uchungu, kama wa bia iliyotiwa hopsi nyingi. Tatu, ni ule mkwaruzo unaokausha ulimi, kama wa divai nyekundu changa. Nne, ni wingi wa kileo kinachochoma koo. Mnywaji akisema "divai hii ni kali", msikilizaji hana njia ya kujua ni lipi kati ya manne hayo linalokusudiwa.

Kivumishi -tamu nacho kina utata wake. Hadithi ni tamu, sauti ni tamu, sukari ni tamu. "Divai tamu" yaweza kuwa divai yenye sukari au divai inayopendeza. Mtu anayependa divai isiyo na sukari hujikuta hana namna ya kuisifu bila kuonekana anasema kinyume.

Matokeo yake ni kwamba vinywaji hupangwa katika mstari mmoja, kutoka kilaini hadi kikali, na bora huhesabiwa kuwa kile kinacholevya upesi. Imani kwamba bia nyeusi lazima iwe na nguvu kuliko nyeupe imezaliwa humo. Kwa hakika, weusi hutokana na nafaka iliyokaangwa. Guinness ya pipa inayonywewa Ireland ina kileo cha takriban asilimia 4.2, kiwango kinachokaribiana sana na cha Tusker ya kawaida, ambayo rangi yake ni ya dhahabu.

4. Maneno yaliyopo

Je, lugha ina maneno gani ya kugawana mzigo wa -kali? Yapo, na mengi yake yamo jikoni na mashambani.

Ugwadu ni ladha ya ndimu na matunda mabichi. Hilo ndilo neno la asidi, na divai nyeupe haiwezi kuelezwa bila hilo. Divai nyeupe kwa kawaida hukamuliwa na kutenganishwa na maganda mapema, hivyo ugwadu wake husikika waziwazi. Ukakasi ni ile hali ya ulimi na ufizi kukaza baada ya kula ndizi mbichi au bibo. Divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda na kokwa za zabibu, na humo hutoka tanini, ambazo ndizo zinazoleta ukakasi. Aliyewahi kula bibo ameshaijua sehemu muhimu ya divai nyekundu kabla ya kuionja.

Uchungu ni mali ya bia. Sheria ya Bavaria ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopsi na maji kuwa viungo vya bia. Hopsi ndizo zinazotia uchungu na kusaidia bia isiharibike upesi. Kilimanjaro, wapishi wa mbege huchanganya ndizi zilizochemshwa na kimea cha ulezi, kisha hutia gome la msesewe, ambalo ni chungu. Watu wa Bavaria na Wachaga hawakushauriana. Kila upande uligundua kwa ulimi wake kwamba utamu wa nafaka au tunda huhitaji uchungu wa mmea ili usichoshe.

Uzito na wepesi, maneno ya uji, hufaa kueleza jinsi kinywaji kinavyokaa kinywani. Dufu na chapwa ni kinywaji kisicho na ladha, na hilo ndilo tembo la methali. Kitenzi kukolea kina thamani kubwa zaidi. Chumvi ikikolea mchuzini, haizidi wala haipungui. Divai ambayo ugwadu, ukakasi na kileo chake vimekolea ndiyo ile ambayo hakuna kimoja kinachomfunika mwenzake.

Kwa upande wa harufu, Kiswahili kina silaha ambayo lugha nyingi zingeitamani: kunuka na kunukia. Mnyambuliko mmoja unatoa hukumu. Divai iliyoharibika inanuka. Divai njema inanukia, na msemaji hulazimika kuendelea: inanukia nini? Embe, karafuu, majani mabichi, moshi? Bia za mtindo wa Uingereza ziitwazo eli huchachushwa katika joto la juu kuliko laga, ndiyo sababu nyingi zake hunukia matunda. Laga huchachushwa polepole katika ubaridi, na ladha yake hutulia.

Hatua za uchachukaji nazo zina majina. Iringa na Njombe, ulanzi unaogemwa kutoka katika machipukizi ya mianzi huitwa mtogwa ungali mbichi na mtamu, jina lililo jirani na togwa. Tembo la mnazi likiachwa sana huishia kuwa siki. Mgema hutaja umri wa tembo lake kwa saa. Mtengenezaji wa divai huutaja kwa miaka.

Hata pale inapoonekana kwamba hakuna neno, huenda lipo. Divai ambayo sukari yake yote imegeuka kuwa kileo huitwa kavu katika lugha nyingi za Ulaya. Mswahili huenda akashangaa kimiminika kinawezaje kuwa kikavu. Lakini yeye mwenyewe husema "chai kavu" kwa chai isiyo na kitafunio. Kavu, kwa maana ya kukosa kisindikizo, tayari ni mali yake. Divai kavu ni divai iliyoachwa na sukari.

5. Jicho, neno na ulimi

Yawezekana mtu akauliza kama maneno hubadilisha chochote, maadamu ulimi ni uleule. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa, Morrot, Brochet na Dubourdieu, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa taaluma ya divai mjini Bordeaux. Divai nyeupe ilitiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi waliieleza kwa maneno yanayotumiwa kwa divai nyekundu. Makala hayo yalichapishwa katika jarida la lugha na ubongo, na hapo ndipo palipoyafaa: jicho lilichagua orodha ya maneno, na pua ikafuata orodha.

Funzo lake lina pande mbili. Neno laweza kupotosha, na neno laweza kufunza. Mwaka 1984 Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichapisha gurudumu la harufu za divai ili waonjaji waache maneno ya kusifu tu na kutaja vitu vinavyojulikana. Baadhi ya vitu katika gurudumu hilo havimo katika kumbukumbu ya mtu wa Tanga au Kisumu. Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na ambako hustawi zabibu nyekundu ya Makutupora, inastahili gurudumu lenye ukwaju, ubuyu, zambarau na bibo.

Baa za Tanzania nazo zina somo lake. Mhudumu huuliza: "Ya moto au ya baridi?" Bia ya moto haijapashwa; haijawekwa tu kwenye jokofu. Baridi kali hupunguza harufu na kufifisha ladha. Anayetaka kuijua bia vizuri aionje kabla haijapoa mno, na lugha imeshampa namna ya kuiagiza.

6. Gharama ya neno moja

Jamii ikikosa desturi ya kutaja ladha, muuzaji hujibu hitaji moja tu, yaani ukali. Mwezi Mei 2014 nchini Kenya, makumi ya watu walifariki kwa kunywa vileo vilivyochanganywa na methanoli. Ni lazima ukweli usemwe: methanoli inafanana mno na kileo cha kawaida kwa harufu na ladha, na hakuna msamiati wowote utakaoufanya ulimi uigundue. Kinga yake ni sheria, vipimo na uaminifu. Lakini soko linalosifu ukali peke yake humpa mwovu njia rahisi ya kuuza, kwa kuwa ukali hughushiwa kirahisi. Kukolea hakughushiwi kirahisi hivyo.

7. Hitimisho

Kazi iliyo mbele ya wanafunzi wa Kiswahili si kutafsiri vitabu vya divai vya Ulaya. Kwanza ni kwenda kwa wagema wa Kilifi, kwa wapishi wa mbege na busaa, ambao wengi wao ni wanawake, na kwa wakulima wa zabibu wa Dodoma, kuandika wanavyosema wanapoonja na kuamua kwamba kinywaji kiko tayari. Maneno hayo hayajaingia yote katika kamusi, na wenyewe wanazeeka. Kisha ni kuyapanga kwa maana zilizo wazi: ugwadu kwa asidi, ukakasi kwa tanini, uchungu kwa hopsi na msesewe, nguvu kwa wingi wa kileo, na -kali kurudishwa kwa kisu na jua.

Mnywaji aliye na maneno mengi huonja taratibu, kwa kuwa ana mengi ya kutafuta katika bilauri moja. Naye ndiye atakayejua, mgema akishasifiwa, kwamba tembo limetiwa maji.