Sentimita Moja ya Ndani

Wahitimu wetu wa ushonaji, hongereni sana.

Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi nilitaka kushona mfarishi wa vipande vya vitenge. Baridi ya Tukuyu ya mwezi wa sita mnaijua wenyewe. Nikakata miraba 36, yote sawasawa, mistari sita ya vipande sita. Mstari wa kwanza niliushona asubuhi, nikaacha sentimita 1 ndani ya mshono. Wa pili niliushona jioni, nimechoka, nakadiria kwa macho. Nilipoilaza pamoja, wa pili ulikuwa mfupi kwa sentimita 3.

Kitambaa hakikuwa na kosa. Jioni ile nilikuwa naacha sentimita 1.3. Milimita 3 kila upande, pande mbili, mishono mitano: ndizo zile sentimita 3. Nikauvuta mstari mfupi ulingane na mwenzake. Ukakunjamana, nikafumua wote.

Wanangu, hesabu hiyo haiishii kwenye mfarishi. Mtoto wa shule akiletewa sketi ya vipande sita, ina mishono sita, na kosa lilelile litamla sentimita 3.6 za kiuno. Mama yake atasema fundi hajui kupima, kumbe ulipima vizuri na kukata vizuri. Ulipotea kwenye kushona, mahali ambapo mteja haoni.

Basi msiliamini jicho. Pimeni kwa rula sentimita 1 kutoka kwenye ncha ya sindano, mbandike kipande cha plasta kwenye bati la cherehani, ukingo wa kitambaa utembee hapohapo. Macho yafuate plasta, yasifuate sindano. Kila mshono upigwe pasi kabla ya kuunga kipande kingine, na pasi mnaigandamiza tu. Mkiiburuta kitambaa kinavutika.

Ninawaomba jambo moja. Jumatatu, kabla hamjagusa nguo ya mteja, kateni vipande vitatu vya upana wa sentimita 7, mviunge ubavu kwa ubavu mkifuata plasta hiyo, mpige pasi. Cha katikati lazima kisome sentimita 5 kamili. Kisiposoma hivyo, sogezeni plasta, mshone tena.