Kivuli cha Msitu Nacho Kina Thamani



Msitu tumezoea kuupigia hesabu ya mbao, kuni na makaa. Leo naomba tukitie na kivuli katika hesabu hiyo.

Huko Burundi, ukitoka Bugarama ukaifuata barabara ya Ziwa Tanganyika kwenda kusini, ukaupita mji wa Rumonge na michikichi yake, utaufikia msitu wa Kigwena. Ni mdogo, lakini ni miongoni mwa mabaki machache ya msitu mnene wa nyanda za chini kando ya ziwa hilo upande wa Burundi. Katika misitu minene ya kitropiki, mwanga unaofika ardhini huwa asilimia 1 au 2 tu ya ule unaopiga vileleni.

Mimea ya chini huishi kwa kidogo hicho. Jani la kivulini huwa pana lakini lenye unene mdogo, lipate kunasa mwanga wote unaopenya. Mara nyingi ncha yake imerefuka na kuchongoka. Mvua ikinyesha, maji hutiririka yakadondoka, jani lisikae limelowa likaota kuvu. Kangaga nazo hazina maua wala mbegu. Ili zizaane, chembe ya kiume lazima iogelee katika utando wa maji mpaka iifikie ya kike. Pakikauka, uzazi huo umekoma.

Uyoga nao unahitaji unyevu wa kivulini, ingawa haulitegemei jua kwa chakula. Mwili wake ni nyuzi nyembamba zilizojificha udongoni na ndani ya magogo, nazo hukauka upesi. Tunachokichuma ni tunda tu, lililofunguka kama mwavuli kuvikinga vijimbegu vyake na mvua.

Kule vilimani Rumonge, kwenye misitu ya miombo, aina nyingi za uyoga unaoliwa hushirikiana na mizizi ya miti hai: uyoga huupa mti maji na virutubisho, mti huulipa sukari. Utajiri huo ulimfanya mtaalamu Bart Buyck atoe kitabu kizima mwaka 1994, Ubwoba, kuhusu uyoga unaoliwa magharibi mwa Burundi. Uyoga wa namna hiyo haupandwi bandani. Mama anayeuuza sokoni msimu wa mvua anaitegemea miti ile iliyosimama.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kukata mti mmojammoja hakuna madhara. Mti mkubwa ukianguka, jua hupiga chini, udongo hukauka, majani ya kivulini huungua. Gunia la makaa huuzwa mara moja; uyoga wa mizizi ile hauchipui tena.

Basi viongozi wa tarafa wasilinde mipaka ya hifadhi pekee, wavilinde na vilele vya miti. Nasi tunaopika kwa kuni tupande migrevilea mashambani mwetu. Anayetaka uyoga mwakani, auache mti wake usimame mwaka huu.