"MAMBO?" NA FUNGUO TATU ZA SANDUKU

(Maneno tuliyosema mbele ya wageni, siku kikundi chetu kilipotimiza miaka 10, hapa Kamsamba)



Habari za hisa, mikopo na mpunga ameshazisema Mweka Hazina. Sisi tumepewa dakika chache tuseme jambo ambalo kwa miaka mingi tulilinong'ona tu. Baadhi yetu tuliokaa hapa tunaishi na VVU. Hatutaji ni nani. Tunasema "sisi" kwa sababu sanduku ni letu sote, na ugonjwa ukimwangusha mmoja, tumeanguka wote.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Leo wengi wanameza kidonge 1 tu kwa siku. Mtu akimeza bila kuacha, virusi vikafubaa hata kipimo kisivione, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Basi kazi iliyobaki ni kutosahau na kutokata tamaa. Hapo ndipo simu inapoingia.

Wenzetu wa Kenya walilijaribu jambo hili katika kliniki 3, kuanzia mwaka 2007. Wagonjwa 538 waligawanywa mafungu 2. Fungu moja lilitumiwa kila wiki meseji fupi: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu shida, na aliyenyamaza, alipigiwa na mhudumu. Baada ya mwaka, waliosema wanameza dawa vizuri walikuwa asilimia 62 katika fungu la meseji, na 50 katika fungu la pili. Waliofubaza virusi walikuwa 57 kwa 48. Wala haikutakiwa simu janja; kiswaswadu kilitosha.

Lakini huko Kilimanjaro, utafiti mmoja ulijaribu meseji za kukumbusha dawa, na haukuona tofauti ya maana kati ya waliozipata na wasiozipata. Kwa maoni yetu, kengele peke yake haitoshi. Lazima awepo mtu wa kuisikia ile "shida".

Siku hizi zipo programu za simu janja zinazokumbusha saa ya dawa, na kutunza tarehe za kliniki na majibu ya kipimo cha wingi wa virusi. Ni nzuri. Ila jamani, tuseme ukweli wa nyumbani: simu zetu nyingi si za mtu mmoja. Mume anaichukua, mtoto anaichezea, inapelekwa kuchajiwa kwa jirani mwenye sola. Mwenzetu mmoja alitegesha simu imkumbushe saa 3 usiku, akaandika kabisa "dawa". Siku hiyo simu ilikuwa kwa wifi yake. Akaulizwa mbele ya watu, dawa gani hiyo? Kwa woga akakaa wiki 2 bila kumeza. Alirudi kliniki kwa sababu wenzake wawili walimfuata nyumbani, wakakaa naye, wasimseme.

Tangu hapo tumekubaliana hivi. Kengele iandikwe neno la kawaida, kama "kuku" au "maji". Simu iwe na namba ya siri. Kabla ya kupakia programu yoyote, tumuulize kwanza mhudumu wa kliniki. Na mwenye kupenda, bila kulazimishwa, achague mwenzake mmoja wa kuulizana "Mambo?" kila wiki. Jibu likiwa shida, mtu anyanyuke, aende.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja. Masika barabara zikiharibika, kliniki iwe na simu yenye vocha, na mtu wa kuipokea.

Akina mama, sanduku letu lina kufuli 3, na funguo ziko kwa watu 3. Miaka 10 haijapotea hata shilingi. Siri ya mwenzetu nayo ni amana. Tuliolinda fedha tutashindwaje kulinda siri?

Mambo? Mwenye shida asinyamaze.